Kiti cha babu: ni cha Mjerumani kweli, na niuze kwa bei gani?

*"Shikamoo fundi. Nipo Lindi mjini. Nina kochi la mtu mmoja aliloacha marehemu babu. Lina mgongo mrefu wenye masikio mawili, mikono ya mbao, miguu ya mbele imechongwa mviringo na ya nyuma imelala kidogo. Kitambaa ni kijani kilichofifia, kimechanika ubavuni. Ukiinua mto unakuta springi zimelazwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, zimevishwa kitambaa kama soksi. Nyumbani tumekua tukiambiwa ni kiti cha Mjerumani. Babu alikuwa mtunza stoo Nachingwea wakati wa mradi wa karanga, na alikipata wazungu walipoondoka. Sasa amekuja mnunuzi kutoka Dar, ametoa laki mbili. Anasema ni kikuukuu, hakina thamani, ila yeye amekipenda tu. Fundi wa mtaani naye anataka laki mbili na themanini akivue chote, aweke sponji na kitambaa kipya, halafu ati nitakiuza hata milioni moja. Kwenye simu nimeona kinachofanana nacho kinauzwa London karibu pauni elfu. Nishike la nani? Na nitajuaje kama ni cha Mjerumani kweli?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mawili, lakini mimi nayaona matatu yaliyosokotana: umri wa kiti, bei yake, na hilo la kukivua. Naanza na la mwisho kwa kuwa ndilo la haraka. Wiki hii mtu yeyote asikitoe hata uzi mmoja. Fundi wako mwambie asubiri, mnunuzi mwambie asubiri, na wewe mwenyewe ukishikwa na hamu ya kuchungulia ndani, chungulia kwa tochi tu, usitumie mkasi.

Sababu ni kwamba kochi huficha ukweli wake chini na ndani. Juu ni pa wageni. Kitambaa hubadilishwa, mbao hupakwa vanishi mpya, miguu hukatwa. Lakini chini ya kikalio hakuna anayehangaika kupapamba, ndiyo maana alama za mtengenezaji, aina ya misumari, gunia la kwanza na vumbi la miaka sabini vyote vimebaki hapo. Fundi akishavua na kutupa jalalani, ushahidi umekwenda na hata mimi ukiniletea sitakuwa na la kusema zaidi ya kukisia.

Tuje kwa Mjerumani. Huku kwetu Kusini kila kitu kizee na kigumu ni cha Mjerumani: kisima, daraja, mwembe, hata pasi ya mkaa. Mengine ni yake kweli. Boma la Mikindani ni lake, la mwaka 1895. Ila kwa kiti chako, hadithi yenyewe ya nyumbani inajipinga. Majeshi ya Wajerumani yalivuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, mwezi mmoja baada ya mapigano ya Mahiwa, hapo hapo mkoani kwako. Mradi wa karanga ni wa Waingereza, nao ulianza mwaka 1947, miaka thelathini baadaye. Kwa hiyo ama babu alikipata kutoka kwa Mwingereza aliyekuwa na kiti cha zamani sana, ama neno "Mjerumani" limeingia nyumbani kwenu baadaye, mtu alipotaka kukisifia.

Hapo ndipo springi zinapotoa ushahidi. Kochi la wakati wa Mjerumani lingekuwa na springi za kusimama, nene juu na chini, nyembamba kiunoni. Zinashonewa kwenye mikanda ya gunia iliyosukwa chini ya kikalio, kisha zinafungwa zenyewe kwa zenyewe kwa kamba ili zisiegemee upande. Juu yake huja gunia, halafu singa za farasi au nyuzi za mimea, ndipo kitambaa. Kikalio cha aina hiyo kinakuwa kinene kama mkate wa boflo. Cha kwako ni chembamba, springi zimelala na zimenasa kwenye mbao za ubavuni kwa kulabu. Mtindo huo wa kulaza springi ulienea Uingereza kuanzia miaka ya 1930. Na hapa utacheka: aliyeupeleka huko alikuwa Mjerumani. Willi Knoll, mtengenezaji wa samani kutoka Ujerumani, aliwaonyesha akina Parker wa mji wa High Wycombe springi za namna hiyo mwanzoni mwa miaka hiyo, na ushirikiano wao ndio uliozaa jina la Parker Knoll. Makampuni mengine yakaiga. Basi wazee wako hawakukosea kabisa, Mjerumani yumo ndani ya kiti. Hakuja nacho tu.

Kwa hiyo, kwa maelezo yako peke yake, mimi ningekiweka kati ya katikati ya miaka ya 1930 na mwishoni mwa miaka ya 1950. Hadithi ya Nachingwea inakaa vizuri humo. Mradi ule ulikatishwa mwanzoni mwa mwaka 1951, karanga zilizovunwa zikiwa chache na mamilioni ya pauni yamekwisha. Ulituachia bandari ya Mtwara, na reli ambayo nayo haikufika mbali, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu waliokuja na familia zao waliondoka, na mtunza stoo ndiye aliyekuwa karibu na vitu vilivyobaki. Sioni sababu ya kumtilia shaka babu yako.

Swali ambalo hujaniuliza, na ndilo lenye pesa ndani yake, ni hili: kiti kilisafiri kwa meli, au kilitengenezwa hapa hapa?

Tandika mkeka mahali penye mwanga wa mchana, mpate watu wawili, mkilaze kiti chali taratibu, mgongo ukae chini na miguu ielekee kwenu. Msikishike kwa masikio wala kwa mikono, shikeni fremu ya chini. Kama kuna kitambaa cheusi chepesi kimefunika tumbo lake, tafuta mahali kilipokwisha kuachia uchungulie. Kisha angalia mbao ambazo hazikupakwa rangi.

Makochi ya Uingereza ya wakati ule kwa kawaida fremu ya ndani ni mbao ya rangi ya biskuti, laini kwa macho, yenye vidoa vidogo virefu kama punje za mchele zilizochorwa kwa kalamu. Mbao hiyo haina harufu ya maana, na wadudu wa pwani wanaipenda kama watoto wanavyopenda kashata. Mninga wetu ni tofauti: kahawia yenye wekundu, mistari myeusi inayopita ndani yake, na ukiukwaruza kidogo kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana unanukia vizuri. Mkongo nao ni mwekundu, lakini mzito zaidi. Mvule huanza na unjano na kuiva kuwa kahawia kwa miaka. Kama una shaka, mpelekee seremala mzee picha ya mahali palipokwaruzwa. Usimwambie kiti kina umri gani, muulize mti tu. Watu wakishaambiwa "cha zamani" wanaona mpingo hata kwenye mbao za maboksi.

Ikiwa ndani ni ile mbao ya biskuti, kiti kimetoka nje. Sasa tafuta jina. Angalia mbao ya nyuma ya kikalio, upande wa chini, na ndani ya mbao za ubavuni karibu na kulabu za springi. Parker Knoll waligonga jina na namba ya modeli inayoanza na herufi PK. Samani za Uingereza za wakati wa vita na baada yake, kati ya 1942 na 1952, huenda zikawa na alama ya herufi C mbili zilizomegwa kama vipande vya mkate pamoja na namba 41. Hiyo ilikuwa alama ya serikali yao kwa bidhaa zilizotengenezwa kwa viwango vya kubana matumizi. Ukiona herufi au namba yoyote usiisugue kwa msasa ili isomeke. Mulika tochi kutoka pembeni, mwanga ulale juu ya mbao, hata alama iliyofifia itajitokeza kwa kivuli chake. Piga picha.

Ikiwa ndani ni mninga au mkongo, kiti kimezaliwa huku, na hapo mimi binafsi ndipo ninapochangamka. Idara ya ujenzi ya serikali ya kikoloni, ile iliyojulikana kwa herufi P.W.D., iliweka samani katika nyumba za maofisa, na mafundi wake walikuwa Waafrika na Wahindi. Wabenediktini wa Ndanda, waliofika pale mwaka 1906, walikuwa na karakana ya useremala. Hao wote waliweza kuiga kiti kutoka kwenye kitabu cha picha, wakaagiza springi na kitambaa tu. Sisemi chako kimetoka mikononi mwao, ila ndiyo milango ya kubisha. Kiti cha umbo la High Wycombe kwenye mninga wa Nachingwea hakipatikani London kwa pauni yoyote.

Angalia na vitu vidogo. Kitambaa cha kwanza cha miaka ile hushikwa kwa vimisumari vidogo vya kichwa bapa. Ukiona pini za stepla, kitambaa hicho ni cha baadaye, au kimerekebishwa. Hiyo si dosari kubwa, ni taarifa tu. Skrubu za mstari mmoja ndizo za kawaida kwa kiti cha wakati ule. Za nyota kwenye kiungo cha ndani zinaonyesha kuna mtu amepita. Chunguza mto nao. Ukiwa na mpira uliogeuka wa kahawia na unapukutika kama makombo ya keki, huo ni mpira wa mti, uliotumika sana baada ya vita. Sponji ya kisasa ilikuja kuenea baadaye, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na 1960. Ukikuta sufi au usumba wa nazi ndani ya mto, basi mto ulitengenezwa au kurudishiwa uhai huku pwani, na huyo aliyeujaza alijua kazi.

Nikiwa kwenye kuchunguza, niseme na jingine. Kukitokea mtu akakuambia ndani ya viti vya Mjerumani mna zebaki nyekundu, rupia au "mzigo", mfukuze kwa adabu, na asipotoka mfukuze bila adabu. Nimewahi kuletewa kochi zuri lililopasuliwa tumbo kwa panga kwa ajili ya ujinga huo. Mwenye nalo alitoa na pesa ya mganga juu yake.

Sasa bei. Naanza na London, maana hiyo ndiyo imekukosesha usingizi. Ile pauni elfu uliyoona ni bei ya kuomba, na bei ya kuomba haina uhusiano wa lazima na bei ya kulipwa. Mimi pia naweza kuandika kwenye ubao kwamba baiskeli yangu ni milioni kumi. Pili, viti vinavyopigwa picha vikapendeza vimeshavuliwa na kuvishwa upya na fundi wa kule kwa gharama za kule. Ondoa kitambaa, ondoa kazi ya mikono, ondoa kodi ya duka na faida, kinachobaki kwa kiti chenyewe huwa kidogo kuliko unavyodhani. Tatu, kiti chako kipo Lindi. Kukifungasha na kukisafirisha baharini kutakula chote. Zaidi ya hapo, wafanyabiashara wa huko wamezoea kuita kitu "cha kale" kikitimiza miaka mia moja, na chako bado. Ni kizee chenye heshima, hakijawa cha makumbusho.

Yule bwana wa Dar naye msikilize vizuri alichosema. Hakina thamani, ila amekipenda. Mtu hatoki Dar kilomita zaidi ya mia nne, akalala Lindi, akatoa laki mbili taslimu kwa kitu kisicho na thamani. Simwiti tapeli. Mnunuzi kazi yake ni kushusha, kama wewe kazi yako ilivyo kupandisha. Lakini ametaja bei kabla yako, kwa hiyo umejua kwamba kwake kiti kinazidi hapo, maana lazima alipe usafiri, alipe fundi, na abaki na chake.

Ili upate bei ya kusimamia, chukua karatasi. Uliza maseremala wawili, mmoja Lindi na mwingine Mtwara, wangekutoza kiasi gani kutengeneza fremu kama hiyo kwa mninga mkavu, bila kitambaa wala mto. Mninga mkavu, sisitiza hilo, maana mbichi ni rahisi na utapinda kabla ya Ramadhani ijayo. Tuseme wamekuambia laki nne na nusu kwa wastani. Hiyo ndiyo gharama ya kukirudisha duniani kitu kama hicho kikipotea. Fremu yako ikiwa ya mninga, imara na haijaliwa, haiwezi kwenda chini sana ya hapo, kwa sababu juu yake una umri na una hadithi. Ikiwa imelegea lakini mbao ni nzima, toa gharama ya kuikaza. Ikiwa imeliwa na wadudu, toa nusu au zaidi.

Mimi bila kukigusa, kwa maelezo yako tu, ningesema hivi: mninga mzima wenye kitambaa kichakavu, nisingekiachia chini ya laki nne. Cha Uingereza chenye jina la kiwanda linalosomeka na mbao safi, kwa mtu wa Dar anayejua anachotafuta, laki sita hadi nane si tamaa. Cha Uingereza kisicho na jina na chenye matobo ya wadudu, zile laki mbili pokea na umkaribishe chai. Ni makadirio ya fundi mmoja, si mahakama. Na kama si lazima kuuza mwezi huu, subiri msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba, malipo yakianza kuingia, huku kwetu hata vitanda vibovu hupata wachumba.

Hadithi ya babu nayo ina bei, lakini ikiwa imeandikwa. "Kilikuwa cha mzungu" ni maneno. Barua yake ya kazi, kitambulisho, picha ameketi juu yake, hata daftari la stoo, hivyo ni vitu vya kumwonyesha mnunuzi. Kaa na bibi au mjomba mkubwa, mrekodi kwenye simu akieleza kilipatikanaje na kimekaa nyumba zipi. Fanya hivyo hata kama huuzi.

Je, ukivishe upya kwanza ndipo uuze? Hapana. Hapo ndipo ninapotofautiana na fundi wako, ingawa simlaumu, anaishi kwa kazi yake. Ukimpa laki mbili na themanini, mnunuzi anayejua viti vya zamani atakutolea bei ndogo kuliko mwanzo, kwa sababu hawezi tena kuona ndani na atalazimika kuvua kazi mpya ili arudishe ya zamani. Mnunuzi asiyejua ataona kochi jipya la kawaida, na atalilinganisha na yale yaliyopangwa barabarani. Pande zote mbili unapoteza. Unauza? Kiuze kilivyo, kikiwa kimefutwa vumbi kwa brashi laini na kitambaa kikavu, basi.

Ila ukiamua kukibakiza nyumbani, na sauti ya swali lako inanifanya nishuku unataka hivyo, kuvisha upya ni halali kabisa. Shika mambo machache tu. Kwanza, springi zisitolewe. Fundi wengi wakikuta zimelegea wanazing'oa, wanapigilia plaiwudi, kisha sponji nene juu. Kwenye springi za kulala kila moja inajivuta kidogo unapokaa, uzito unagawanyika, na hewa inapita chini ya mto. Ukiweka plaiwudi, sponji inabeba peke yake. Kwa joto na unyevu wetu inachoka upesi, inabonyea katikati, unahisi mbao makalioni. Pia kikalio kinapanda, mikono ya kiti inakuwa chini mno, magoti yanakaa vibaya, na kiti kilichokuwa kinampumzisha mzee kinageuka kuwa benchi lenye masikio. Springi mbili tatu zilizochoka zinabadilishwa hizo tu. Zenye kutu ya juu juu husuguliwa na kuvishwa soksi mpya ya kitambaa, maana kutu ndiyo inayokula kitambaa cha mto kwa chini.

Pili, viungo. Kaa mbele ya kiti, shika mkono wa kulia na wa kushoto, sukuma kwa pembe, huku na huku. Kikilia au kikicheza, gundi imeachia. Gundi ya zamani ilitengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Unyevu na joto huilegeza, na sisi huku vyote tunavyo kwa wingi. Huo ulegevu kwa kweli ni bahati yako. Fundi anayejua ataiyeyusha kwa maji ya moto, atavuta ulimi wa mbao kutoka kwenye tundu lake, atasafisha, atatia gundi upya na kukibana siku nzima. Asiyejua atapiga msumari wa inchi nne. Msumari unapasua ulimi, chumvi ya bahari inauozesha, na baada ya miaka mitatu huna kiungo wala mbao ya kuunga. Ukimwona fundi anafungua mfuko wa misumari mirefu, mwite chai nje.

Tatu, hifadhi kila anachotoa. Kipande cha kitambaa cha kijani, misumari michache, gunia, vyote kwenye bahasha, na picha kwa kila tabaka.

Wadudu ndiyo sehemu ya kuwa makini kuliko zote. Tandaza karatasi nyeusi chini ya kiti kwa wiki moja. Ukikuta unga mweupe laini, bungua wapo kazini. Ukikuta punje ndogo ngumu kama mbegu, ni mchwa wale wanaoishi ndani ya mbao kavu bila kuhitaji kichuguu. Karatasi ikibaki safi, matobo unayoyaona huenda ni ya zamani, wenyewe walishahama. Usipake oili chafu. Itapanda kwenye kitambaa na harufu haitoki, na ukiweka kiberiti karibu utajuta. Na nakusihi, usitumie vile vidonge vya kufukizia maghala ya mazao. Kwenye ghala vina wataalamu wake. Kwenye nyumba wanayolala watu vinatoa gesi inayoua, na kila mtu anayefanya kazi kwenye korosho analijua hilo.

Kuna hali ambazo mimi kwa maandishi sitoshi. Ukikuta wadudu hai, kitenge kiti na samani nyingine leo hii na umwite mtu mwenye leseni ya kuua wadudu. Ukikuta mguu au ubavu umepasuka kufuata nyuzi za mbao, asikae mtu, mpelekee seremala akione. Na ukikuta jina la kiwanda au herufi za P.W.D., usikubali bei ya mtu yeyote, hata yangu, kabla mtu asiyekinunua hajakiona kwa macho. Ukija nacho Mtwara ni mwendo wa saa mbili hivi, lakini kisipandishwe kwenye keria ya basi kimelala ubavu. Kisimamishwe kwa miguu yake, kizungushiwe magodoro.

Jingine ni la kifamilia, nalitaja kwa sababu nimeona ndugu wakigombana kwa kabati tupu. Umesema kiti aliacha babu. Hujasema alikuachia wewe. Kama mirathi haijagawanywa, bei ya laki mbili au nane si yako peke yako kuikubali. Waite shangazi na wajomba kabla mnunuzi hajarudi.

Akirudi, mwangalie macho yake yanapokwenda. Wanunuzi wa aina hiyo wakishaingia kwa ajili ya kiti mara nyingi huuliza na mlango. Kama nyumba ya babu ina mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa nakshi za kizamani, jua kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango ya namna hiyo iliyochongwa kabla ya 1940. Kiti unaweza kukijadili sebuleni. Mlango, mwelekeze kwa watu wa Mambo ya Kale.

Nitumie picha sita: mbele, nyuma, ubavu, tumbo lake, kulabu za springi kwa karibu, na pale ulipokwaruza kwa kisu. Mto usiutupe hata kama umegeuka unga. Ufunge kwenye mfuko, nitataka kuuona.